Kichwa Kilichobaki Kugeuzwa

Mimi midoli siipendi, na mtu mzima anayeikusanya namwona amekosa kazi. Lakini ni mimi niliyempeleka mdogo wangu kwa yule kijana, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Kijana mwenyewe ni fundi simu. Nilimpelekea yangu abadilishe kioo, nikakuta nyuma ya kaunta yake kabati zima la dinosauri wa plastiki, wale wanaokunjuliwa wakawa roboti. Akaniambia watu humletea wa kwao kutoka mbali awapimie: ni halisi au feki, ni mzima au ameshachokonolewa. Nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha nikasogea karibu, maana mmoja wao nilimjua. Alifanana sura na umbo na yule aliyekaa juu ya kabati la vyombo sebuleni kwa mdogo wangu, ambaye hakuna ruhusa ya kumgusa.

Huyo wa mdogo wangu si dinosauri na si roboti. Miguu na mikono ni ya roboti, lakini shingoni bado kuna kichwa cha mjusi kimeachama. Mwanawe ndiye aliyemwacha hivyo. Alimnunua kwa mshahara wake wa kwanza, akaja naye mezani jioni, akaanza kumkunjua mbele ya mama yake. Nilikuwepo. Mdogo wangu akamwambia, "Umeuziwa feki, na utu uzima wako wote huo. Toa takataka hiyo mezani, chakula kinapoa."

"Subiri kidogo, mama," mtoto akasema, "uone inavyosimama."

Mama hakusubiri. Alitua bakuli pale pale kwenye mikono ya mwanawe, ikabidi alipishe. Kijana akamweka mjusi wake juu ya kabati, akala, akaaga kwenda zamu ya usiku. Gari walilopanda yeye na wenzake wa zamu halikufika.

Tangu msiba huo mdogo wangu humfuta vumbi kwa brashi ya poda, bila kumnyanyua. Hata tulipopaka rangi nyumba, fundi wa rangi alilizunguka lile kabati kama kaburi. Kwa hiyo nilipomwambia kuna mtu anapima vitu hivi, nilitegemea anifukuze. Badala yake alikwenda kutafuta mtandio wa kumfungia. Njia nzima alimpakata kama anabeba mayai.

"Shikamooni, mama zangu," fundi alisema, akanawa mikono, akawasha taa ya mezani, akavuta lenzi yake. Alipofungua mtandio tu, kidole gumba kikaenda moja kwa moja shingoni. Nikamchapa mkono.

"Hapo usiguse!"

"Samahani, mama mkubwa. Mkono umezoea."

Nikamweleza kwa kifupi kwa nini hapaguswi. Hakucheka, na hapo nikaanza kumheshimu kidogo. Akampima uzito kwa kiganja. Akanusa plastiki. Akabonyeza nyonga, akasikiliza kama daktari anayesikiliza kifua, akakagua skrubu moja moja na rangi iliyopita kando ya meno.

"Nyonga imekaza vizuri," alisema. "Rangi haijatoka nje ya mstari. Uzito ndio wenyewe. Mpaka hapa ningesema ni halisi, lakini siapi."

"Kwa nini huapi?" mdogo wangu akauliza.

"Chapa ya kiwanda iko ndani ya shingo, mama. Kuiona, lazima kichwa kigeuzwe. Ni hatua moja tu, ndiyo ya mwisho."

"Ya mwisho?"

"Nyingine zote zimeshafanywa. Unabonyeza hapa, kichwa cha mjusi kinazama kifuani, cha roboti kinapanda. Ni kufumba na kufumbua."

Miaka yote tuliamini marehemu alikwama katikati. Tuliamini hata angepewa usiku kucha asingemaliza, na kuamini hivyo kulimpa mama yake nafuu kidogo. Mdogo wangu alikitazama kile kichwa kilichoachama. "Kufumba na kufumbua," akarudia taratibu.

Nikaona mambo yanaharibika. "Tuondoke," nikamwambia. "Ameshasema karibu yote ni halisi. Yanini kuchimba? Au unataka kusikia ni feki, ujue ulikuwa na haki?"

Alinigeukia kama nimemtukana. "Dada, mimi nataka niwe nimekosea. Nikiwa nimekosea, nitajua ni nini cha kumwomba msamaha."

Nilikuwa nimeshanyanyuka; nikakaa tena.

Akamwomba fundi amwonyeshe pa kubonyeza, lakini asimsaidie. Alibonyeza mara moja, nguvu hazikutosha. Mara ya pili kikalia *tak*, mjusi akazama, na kikapanda kichwa kidogo cha fedha chenye uso mzito wa mtu anayefikiri. Fundi akamulika shingo, akasogeza lenzi. Nikamwona anaangalia tena. Nikampiga teke chini ya meza: sema ni halisi, wewe mtoto, sema tu!

"Hakuna chapa, mama," alisema. "Ni kopi."

Nilitamani kumzaba kibao. Uongo mmoja wa hisani ungemvunja jino gani?

"Kwa hiyo nilisema kweli," mdogo wangu alisema.

"Ulisema kweli," fundi akajibu.

"Na huo ukweli umenifaa nini?" Hakumuuliza fundi, wala mimi. Machozi yakaanza kumtoka, nami nikabaki nampapasa mgongo kama mjinga.

Fundi alizima taa yake. "Mama, kopi hizi nyingi hazifiki hatua hii. Plastiki yake ngumu. Ukilazimisha kiungo inabaki na alama nyeupe, kisha inakatika. Nimeitazama yote. Haina alama hata moja. Aliyeikunjua hakuwa na haraka. Alikuwa na subira sana."

Nadhani alidhani anafariji.

"Kichwa naweza kukirudisha kilivyokuwa," akaongeza.

"Usirudishe," mdogo wangu akasema. Alimchukua roboti, akamsimamisha mezani katikati ya skrubu na vioo vilivyopasuka, akaondoa mkono polepole. Roboti akayumba, akatulia. Akasimama.

"Nimeiona, baba," alimwambia mwanawe, kwa ile sauti aliyokuwa akimwamshia asubuhi. "Nimeiona inavyosimama."

Nikashika mtandio nimfunge, nikajikuta nauzungusha tu mkononi. Nilikuwa nawaza bakuli lile. Mimi nilikuwepo mezani jioni ile, nami sikusema neno. Chakula hakikuwa kimepoa; kilikuwa bado kinafuka moshi.