Fundi Mwenye Pini Mdomoni

Nilikwenda jikoni kuepua chai tu. Niliporudi, binti yangu alikuwa amekalia kiti changu cha cherehani, futi ya kupimia shingoni, midomo ameibana, na vichwa vya pini vimejipanga katikati yake, vilevile ninavyovipanga mimi kila siku ya Mungu.

Tunamwita Pilipili, kwa udogo wake na ukali wake.

Damu ilinisimama. Mimi ni mtu wa kelele. Mume wangu husema nikinong'ona, majirani wanaitika. Lakini sauti niliimeza. Juzijuzi nilimkuta na kifungo mdomoni, nikamfokea "Tema!", naye kwa kushtuka akakimeza. Kifungo kilitoka chenyewe. Pini si kifungo.

"Pilipili," nikasema taratibu. "Hebu mpe mama."

"Mmh-mmh."

Jibu lile nililijua. Ni langu. Nikiwa na pini mdomoni siongei na mtu: mmh moja ni ndiyo, mbili ni subiri, nina kazi. Mtoto kayajua yote, na mwalimu wake ni mimi. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Nikanyoosha mkono. Akarudi nyuma, macho yakimcheka; alidhani tunakimbizana. Kichwa cha pini moja kikazama nyuma ya mdomo, kisha kikarudi. Niliogopa hata kupumua. Mkono haufai, sauti haifai, nifanye nini? Ndipo nikakumbuka pini hutokaje mdomoni mwangu. Hutoka akija mteja.

"Hodi, fundi," nikasema. "Gauni langu ni refu. Nimekuja unipunguzie."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mmh."

Akashuka kitini, akapiga magoti mbele yangu, akachomoa pini, akaichomeka kwenye pindo. Na kwenye mguu wangu pia. Sikutoa sauti. Akachomoa nyingine.

Hapo nikasikia baiskeli ya baba yake ikiegemezwa ukutani.

Baba yake ni fundi rangi, na kila jioni huingia kwa namna moja: huupiga mlango teke, hunguruma "Polisi! Mikono juu!", na Pilipili huinua mikono akicheka mpaka pumzi zinamkwama. Siku zote nimelalamika kwamba zogo lile linanipindishia mshono. Sasa nikauangalia mlango, nikauangalia mdomo wa mwanangu, nikaona kicheko kile kikizivuta pini zote kooni. Mungu wangu, leo tu aingie kama mgeni!

Kukimbilia mlangoni nisingeweza; pindo lilikuwa mikononi mwa fundi. Nikainua mikono yangu yote miwili juu.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. "Polisi! Mikono..."

Akaikuta mikono juu tayari. Akauona uso wangu, akayafuata macho yangu mpaka chini, na sauti ikamkatikia palepale. Lakini Pilipili alishageuka, mabega yameanza kumtikisika kwa kicheko.

"Fundi!" nikasema kwa ukali wa mteja. "Huyu amenikuta hapa. Foleni ni foleni."

Mabega yakatulia. Akamtazama baba yake kwa dharau ya mwenye kazi nyingi. "Mmh-mmh."

"Samahani, fundi," baba mtu akasema. "Nitasubiri."

Akakaa kwenye benchi la wateja, mikono ameibana kati ya magoti. Pini zikaendelea kutoka. Moja iliteleza, Pilipili akaidaka kwa meno, nami nikafumba macho. Nilipoyafumbua, alikuwa ananitazama mdomo wazi.

"Umenenepa, dada," akasema. "Njoo kesho."

Nikamshika kidevu, nikachungulia shavu hili na lile, chini ya ulimi, kila pembe. Hakuna kitu. Nikaketi sakafuni juu ya pini zangu mwenyewe, nikalia.

Pilipili hakuwa na habari nami. Alikuwa amemkunjia uso baba yake. "Baba, leo hujaingia vizuri. Toka uingie tena."

Mume wangu akanitazama kuomba ruhusa. Nikaitikia kwa kichwa. Akatoka, akaufunga mlango, kisha akaupiga teke nusura bawaba zing'oke. "Polisi! Mikono juu!"

Tuliinua mikono, mimi na Pilipili. Alicheka kinywa wazi mpaka kooni: pengo la mbele, ulimi, na hakuna kingine. Nilikitazama kinywa kile mpaka kicheko kilipomwisha.

"Rudia," nikamwambia baba yake. "Toka uingie tena."