Unga Usiopikwa

Mimi na Nyiramahirwe hatukupatana tangu siku ile mwanawe Gisubizo alipokuja kwetu mtaa wa Mapendo, hapa Goma, kumposa mdogo wangu Rosine. Wao watu wa Rutshuru, sisi watu wa Butembo, na kila upande ulikuwa na wajomba wa kununa. Ndoa ilifungwa hata hivyo. Rosine akahamia Keshero kwa mumewe, nami nikajifunza kumsalimia mama mkwe wake kwa heshima na kuaga haraka. Nyiramahirwe ana sauti ya chini na hana haraka na mtu, ila kuna jambo moja ambalo humbadilishi: maji. Nyumbani kwake hakinyweki kitu ambacho hakijachemka mbele ya macho yake. Alizika wanawe wawili kwa kipindupindu wakati wa kukimbia vita, na tangu hapo haamini bomba, haamini ziwa, haamini hata mvua. Akikuta chai imepoa, anairudisha motoni. Nyuma ya mgongo wake nilimwita Mama Mvuke, na nilidhani nina akili sana.

Kazi yangu ni unga. Nasaga soya, mtama na mahindi kwa uji wa watoto, na kando yake nauza unga wa ubuyu, ambao wateja wangu wengi wanauita poda ya Kambere, kwa sababu Kambere ndiye anayeuleta. Mibuyu haioti Goma. Hapa ni mawe ya volkano na baridi ya asubuhi, wakati mbuyu unataka joto na ardhi kavu. Kambere huufuata Tanzania, upande wa Dodoma, kwa akina mama fulani ambao wana sheria yao: wanaokota tunda lililoanguka lenyewe tu. Hawapandi kukata matawi, hawapigi matunda kwa fimbo, hawachuni gome, na wanaacha mengine chini kwa ajili ya nyani na kwa ajili ya miche. Kuna msimu walikuja wanunuzi wenye pupa wakakata matawi yenye matunda mabichi, na mwaka uliofuata mibuyu ile haikutoa kitu. Ndipo wakaapa.

Nilichagua kununua kwao peke yao, na nilijivuna sana. Wateja walipouliza kwa nini poda yangu inakatika ghafla mwaka ukiwa katikati, nilijibu kwamba mti una zamu yake na sisi tuna yetu. Nilipenda kujisikia nikisema hivyo.

Na ubuyu wenyewe unastahili sifa. Tunda hukauka likiwa bado mtini, kwa hiyo ukivunja ganda unga umo tayari. Ni kutwanga kidogo, kutoa mbegu na kuchekecha. Una vitamini C nyingi kuliko chungwa, una kalsiamu ya mifupa, una nyuzi za kulainisha tumbo. Lakini vitamini hiyo haivumilii moto. Ndiyo maana nilimwimbia kila mteja wimbo mmoja: chemsha maji, chemsha uji, chemsha unavyotaka, kisha epua, subiri upoe mpaka kidole kivumilie, ndipo utie ubuyu. Usiupike.

Rosine alipokuwa na mimba ya miezi mitano, walimpima damu hospitalini wakakuta ni kidogo mno. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Muuguzi aliyempima, Bibiche, tulisoma naye, kwa hiyo hakunificha.

"Charline, akizaa na hii damu, akitoka damu kidogo tu, tutamupoteza. Iko lazima ipande mbele ya kuzaa."

Alimpa vidonge vya madini ya chuma. Rosine alivitapika. Wakambadilishia vingine, navyo akavitapika, mpaka ukimwonyesha pakiti tu anashika mdomo. Basi Bibiche akasema ajaribu kidonge kimoja anapoweza, na kwa siku nyingine ale maharage, sombe ya majani ya muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwani, tena pamoja na kitu chenye vitamini C, kwa sababu chuma cha maharage na cha majani hupita mwilini bila kuingia kama hakuna cha kukifungulia mlango.

Nilicheka kwa furaha. Kitu hicho kilikuwa dukani kwangu! Hata vidonge, alipovimeza na ubuyu, viwili kati ya vitatu vilikaa tumboni.

Ila msimu ulikuwa umekwisha. Kambere alipiga simu kutoka Dodoma akisema akina mama wale wameokota la mwisho, na hawatauza tena mpaka matunda mapya yaanguke. Nilimsihi. Nilimwambia ni kwa ajili ya mdogo wangu.

"Charline, hata mimi niliomba," akasema. "Banakatala. Banasema bakipanda mara moja sababu ya mugonjwa, kesho kila mutu atakuja na mugonjwa wake."

Nilikuwa nimewasifu kwa ugumu huo huo. Nilizunguka soko la Birere nikakuta mtu anauza poda ya bei rahisi. Niliionja, ikawa muhogo uliotiwa limau. Nikarudi nyumbani, nikachukua bati moja, kopo la ubuyu nililokuwa nimejiwekea, nikampelekea Rosine. Nilimwimbia wimbo wangu: usipike. Nikamwambia pia abane matumizi, maana hakuna lingine. Nyiramahirwe alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage. Alisikia yote na hakuinua uso.

Wiki zilipita. Kila nilipokwenda Keshero nilimkuta Rosine na kikombe chake, akikunja uso kwa uchachu na kucheka. Unga wa bati ulikuwa unashuka polepole kuliko nilivyotarajia, na kwa mara ya kwanza nilimsifu Nyiramahirwe moyoni, kwamba huyu mama anajua kubana. Bibiche akapima damu. Haikupanda. Tukasubiri, akapima tena. Ilikuwa imeshuka.

Hapo nikashikwa na hasira, na hasira yangu haijui kukaa kimya. Niliwaza jambo moja tu: udongo. Wanawake wetu wengi wakiwa na mimba wanakula mabele, ule udongo wa kijivu unaouzwa sokoni karibu na karanga, na Bibiche alikuwa ametuonya kwamba udongo huo unazuia chuma kuingia mwilini. Nilipanda pikipiki mpaka Keshero, na hata salamu sikumaliza.

"Rosine, uko unakula mabele?"

"Hapana, yaya." Yaya ni dada mkubwa, ndivyo alivyoniita siku zote.

"Usinidanganye! Ubuyu unakunywa, maharage unakula, damu iko inashuka. Inaenda wapi?"

"Sijakula udongo, yaya. Naapa. Ubuyu niko nakunywa asubui na mangaribi. Uliza mama."

Nyiramahirwe alitoka nyuma ya nyumba na kikombe mkononi. "Anakunywa," akasema. "Miye ndiye namupa. Habakishaki hata tone."

Nilimpokonya kikombe nikaonja. Kilikuwa baridi, na kilikuwa kichachu mpaka macho yakanitoka machozi. Poda ilikuwa nzima, basi. Nikamgeukia mdogo wangu.

"Kama poda iko muzima, ni wewe njo muongo."

Rosine alinitazama, akamtazama mama mkwe wake, akafungua mdomo kama anayetaka kusema kitu. Kisha akaufunga, akalia kimyakimya. Niliondoka nikiwa na uhakika kwamba machozi yale ni ya mtu aliyekamatwa.

Uchungu ulimshika kabla ya siku zake. Mtoto wa kike alitoka salama, mdogo lakini mwenye sauti. Kisha damu ikaanza kutoka. Gisubizo alikimbia mji mzima akitafuta mtu wa kundi la damu la Rosine. Damu yangu mimi ilikataliwa, haikulingana na ya mdogo wangu, na sijui kama kuna neno baya zaidi ambalo dada anaweza kuambiwa. Walipata mfuko mmoja. Ulipofika, Bibiche alikuwa tayari anatoka chumbani akivua glovu, hatazami mtu.

Sikumwomba Rosine msamaha kwa kumkaripia. Nilikuwa nimepanga kumwomba baada ya mtoto, kwa kicheko, jinsi tulivyozoea.

Tulimzika. Matanga yalikuwa kwao Keshero, viti vya kukodi vimejaa mpaka barabarani, na mimi nilikaa kwenye mkeka bila kula. Mchana wa siku iliyofuata Nyiramahirwe aliniinamia, akanishika mkono, akaniongoza taratibu nyuma ya nyumba, kwenye jiko la makaa ambapo sufuria ilikuwa inachemka kwa nguvu.

"Haujakula tangu tumuzike," akasema. "Kunywa hii. Iko na nguvu, wewe mwenyewe ulisema."

Akachukua bati langu, akachota kijiko kidogo cha unga wa mwisho, akautia ndani ya yale maji yanayotokota, akakoroga, akafunika. Mvuke wenye harufu ya ubuyu ukanipiga usoni. Nilikaa chini kwenye mawe.

"Mama Gisubizo. Ni hivi ulikuwa unafanya?"

"Ni hivi. Kila siku, mupaka inatokota muzuri. Kisha naacha inapoa, ndiyo namupa." Alisema kwa upole, kama anayemfundisha msichana mapishi. "Rosine alikatala mwanzo. Alisema, yaya amekataza kupika. Nikamwambia yaya yako eko mutoto, hakuona kipindupindu kile niliona. Unga umetoka mbali, mikono ya batu mingi imeshika. Miye sitazika mutoto mwingine sababu ya kitu hakikutokota." Akafunua sufuria, akakoroga, akafunika tena. "Tena ulisema hakuna ingine mupaka matunda ianguke. Nikatia kidogo, nikatokotesha sana ikuwe nzito, isiishe mbio. Ile siku ulimukaripia, nilizani atakuambia. Hakusema. Ulipotoka nikamuuliza. Akasema, nikimwambia mutagombana, na mimi nataka mutoto wangu azaliwe bibi yake na shangazi wanapendana."

Shangazi. Hata neno la undugu yule mama alilikosea, kwa kuwa mimi ni mama mkubwa wa yule mtoto. Nilishika neno hilo dogo ili nisishike lile kubwa.

Uchachu hauondoki kwa moto. Hilo nililijua siku zote na sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza. Kinachoondoka ni ile vitamini, na ulimi hauijui. Rosine alikunywa asubuhi na jioni, akakunja uso, hakubakisha hata tone, nami nikaonja kikombe kile kile nikamwita mwongo. Sisemi kwamba ubuyu ungemwokoa. Labda damu ingepanda kidogo, labda isingetosha, labda mfuko ule mmoja ungetosha. Bibiche hajui, daktari hajui, na nitakufa bila kujua. Sasa nilikuwa nimekaa mbele ya mwanamke niliyemwita Mama Mvuke, na kwa neno moja ningeweza kumvunja. Na nilitaka kumvunja. Mungu anisamehe, nililisikia neno lenyewe mdomoni.

Nyiramahirwe alimimina kikombe, akakipoza kwa kumimina kutoka kikombe hiki kwenda kile, jinsi mtu anavyompozea mtoto. Ndani ya nyumba mwana wa Rosine alianza kulia, na yule mama akageuza kichwa upesi kuliko mimi.

Kisha akaniangalia. Alikuwa ameona uso wangu.

"Charline, mwana wanjye, mwanangu. Nilikosa?"

Nilipokea kikombe.

"Hapana, mama," nikasema. "Ulipika muzuri."

Nikanywa mpaka chini. Kilikuwa kichachu vilevile.