Miwani ya Mkuu

Kuna wanaume wanaowaonea wake zao wivu kwa sababu wameona jambo. Fundi hakuwa ameona kitu. Wivu wake ulianzia kwenye karatasi, siku alipokabidhiwa kibali chake cha kuishi ugenini akakuta wamemwandika, kwa herufi kubwa nyeusi, MTEGEMEZI. Aliyeajiriwa ni mke. Mwenye kibali cha kazi ni mke. Yeye na binti yao wa miaka saba walikuwa wameshonwa kwenye jina la mke kama vifungo kwenye shati, na siku kibali cha mke kikiisha, na cha kwao kimeisha.

Kwao Fundi alikuwa na duka lake la miwani. Kibao cha mlangoni kilikuwa na jina lake, na wazee walitoka mbali kuja kupimwa naye, wakimletea salamu za watu asiowajua. Huku alikata lenzi katika chumba cha nyuma cha duka la watu, saa nne kwa siku, dakika moja zaidi ikiwa ni kosa, kwa kuwa sheria ya wategemezi ndivyo ilivyosema. Mteja aliyeingia hakumwona. Alisikia tu mashine ikilia nyuma ya pazia. Sasa, mwanamume aliyezoea kuitwa mwenye duka, ukimkalisha nyuma ya pazia, lazima atatafuta mtu wa kumkasirikia, na Fundi hakutafuta sana. Akampata Mkuu.

Mkuu alikuwa mkuu wa kliniki ya figo ambako mke wa Fundi alikuwa muuguzi. Mtu wa makamo, mrefu, mpole, shati limenyooshwa mpaka kwenye mikono. Kosa lake hasa lilikuwa nini? Hakuwa na kosa. Mke ndiye aliyekuwa na kosa, Mungu amsamehe: kila jioni alirudi na habari za Mkuu. Mkuu kasema hivi, Mkuu kacheka vile, Mkuu kasema nina mkono mwepesi, wagonjwa wananiulizia kabla hawajavua viatu. Mke alikuwa anasimulia kazi. Fundi alikuwa anasikia mapenzi.

Akaanza kuhesabu dakika. Kutoka kliniki hadi nyumbani ni dakika ishirini na mbili kwa miguu. Mke akifika kwa thelathini, Fundi anataka kujua nane zimepotelea wapi. Akaanza kupita kliniki bila kuitwa, leo kaleta ufunguo, kesho kaleta skafu, na siku moja akaleta mwavuli na jua linawaka kama limelipwa. Wauguzi wakakonyezana: "Askari wako kaja." Mke alicheka mbele ya wenzake. Nyumbani hakucheka.

"Nimepekuliwa uwanja wa ndege, nikapekuliwa uhamiaji," alimwambia asubuhi moja akifunga kamba za viatu vya kazini. "Sitaki kupekuliwa jikoni kwangu pia."

"Mtu hulinda chake, mke wangu."

"Mimi sio mwavuli, Baba Kasuku. Nimekuomba uache, hii mara ya tatu. Sitakuomba ya nne."

Fundi akalichukulia hilo kama ushindi, kwamba hataombwa tena. Ndivyo wivu unavyomfanya mtu mwenye akili zake timamu.

Kasuku ndiye binti. Jina hilo la utani alilipata kihalali, maana hakuna neno lililopita sikioni mwake likakosa kurudiwa. Jioni moja aliingia mbio: "Baba! Mama kaja na gari la Mkuu! Kakaa siti ya mbele! Mvua inanyesha!" Katika maneno hayo yote Fundi alibaki na siti ya mbele. Mvua hakuisikia, ingawa ilikuwa inapiga bati la jirani kwa kishindo.

Wiki hiyo hiyo ndiyo mke alipoleta fomu ya makazi ya kudumu. Kliniki ilikuwa inafungua tawi katika mji mwingine, ikataka kumpeleka huko kwa mkataba mrefu, na ikakubali kumdhamini yeye na wategemezi wake wakae bila kuhesabu miezi tena. Fomu ilikuwa na kurasa kumi na moja. Mke aliiweka mezani, akavuta viti viwili.

"Njoo tujaze."

"Jaza na Mkuu wako," Fundi akasema, akaingia chumbani.

Kilichobaki sebuleni ni sauti ya karatasi zikigeuzwa, ukurasa mmoja mmoja, kwa muda mrefu. Fundi alilala chali akisikiliza, na alijiona amemkomoa mtu.

Siku tatu baadaye Mkuu mwenyewe akaja dukani. Alikuwa na cheti cha daktari wa macho, akaomba atoke fundi, asipimwe na mwingine. "Mkeo ananiambia hakuna anayekufikia," alisema, akitabasamu. Fundi akatoka nyuma ya pazia. Wakasimama uso kwa uso, pua kwa pua, maana umbali kati ya mboni na mboni hupimwa hivyo, mpimaji akimtazama mpimwaji ndani ya macho. Rula ilisema milimita sitini na nne. Fundi alikuwa anafikiri kitu kingine: kwamba macho haya ndiyo yanayomwona mke wangu mchana kutwa, na mimi nabakiwa na jioni yake, amechoka, viatu mkononi.

"Nitengenezee vizuri, ndugu yangu," Mkuu akasema. "Ya zamani imevunjika, na bila miwani mimi kipofu. Na mimi sisaini kitu sijakisoma neno kwa neno. Kliniki nzima inanicheka kwa hilo."

"Utasoma, Mkuu."

Kila lenzi ina kitovu chake, na kitovu hicho sharti kikae mbele ya mboni sawasawa. Kikihama, jicho linavutwa upande, misuli inashindana, kichwa kinauma, na kwa mwenye lenzi kali kama Mkuu, hata sakafu inaweza kuonekana imeinama. Kila fundi wa miwani analijua hilo. Fundi alikaa mbele ya mashine, akahamisha kitovu cha kulia milimita tatu kwenda nje. Akatulia kidogo. Akahamisha na cha kushoto. Hakuna ambaye angegundua, kwa sababu mkaguzi wa kazi za Fundi alikuwa Fundi.

Basi habari za Mkuu zikabadilika. Mkuu leo kaumwa na kichwa. Mkuu kakosea ngazi nusura aanguke. Mkuu anasema miwani mipya lazima izoewe, anavumilia. Mkuu kaenda nyumbani mchana. Fundi alizipokea habari hizo kama mgonjwa anavyopokea uji baada ya homa. Alikula vizuri, alimbeba Kasuku mgongoni, hata akaacha kupeleka mwavuli kliniki. Mke alimtazama kwa jicho la pembeni, akadhani labda mume wake anarudi.

Siku ya tisa mke alirudi saa nane mchana. Akaketi kwenye kiti bila kuvua viatu.

"Fomu haijasainiwa."

"Fomu gani?"

"Fomu gani, Baba Kasuku! Fomu ya makazi! Iko kwa Mkuu tangu wiki ya juzi. Uhamiaji wanafunga kupokea kesho saa sita. Kibali kinaisha mwisho wa mwezi. Isipofika kesho, tunafunga mizigo sote watatu."

"Si kuna msaidizi wake?"

"Hawapokei saini ya msaidizi. Na Mkuu hasomi. Akisoma mistari mitano anatapika. Nimesema nimsomee mimi, amekataa, anasema alishawahi kuponzwa kwa karatasi aliyosomewa. Amelala kwake, mapazia yamefungwa. Keshokutwa wanampiga picha ya kichwa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Wanafikiri ana uvimbe."

"Uvimbe!" Kasuku akarudia kutoka mlangoni. "Mkuu ana uvimbe!"

Fundi akasimama. Hasira hasara, wanasema, na yeye hasara yake aliikata kwa mkono wake, kwa mashine, kwa kipimo. Alichukua koti akatoka bila kuaga. Saa zake nne za siku hiyo zilikuwa zimekwisha, lakini aliingia nyuma ya pazia, akatafuta cheti cha Mkuu na anwani yake kwenye faili, akakata lenzi mpya. Alizipima mara tatu. Tangu aje ugenini hakuwahi kufanya kazi safi kama ile, na alijua ni aibu kwamba ilikuwa ya kufuta uovu wake mwenyewe.

Mkuu alifungua mlango mwenyewe, taulo lenye maji kwenye paji la uso. Nyumba ilikuwa ya mtu anayeishi peke yake: sahani moja, kikombe kimoja, picha za watoto wakubwa ukutani.

"Nimekuletea miwani nyingine," Fundi akasema. "Ile ina kosa la kipimo."

"Ulikosea?"

Fundi angeweza kusema ndiyo. Mafundi hukosea, na Mkuu alikuwa mtu wa kusamehe. Alifungua mdomo aseme ndiyo.

"Hapana," akasema. "Sikukosea. Nilifanya kusudi. Kwa ajili ya mke wangu."

Mkuu alikaa kwenye kochi taratibu.

"Juzi niliwapigia wanangu," akasema. "Mmoja baada ya mwingine. Niliwaaga, unaelewa? Nimemwambia mwanangu wa mwisho mambo ambayo nilikuwa nayaweka mpaka nife." Akaliweka taulo kando. "Na mkeo, sijawahi hata kumgusa bega. Jumatatu mwenye duka lenu atasikia habari hii kutoka kwangu."

"Ni haki yako."

"Lete hiyo miwani."

Aliivaa. Akatazama ukuta, akatazama sakafu, akatazama mkono wake mwenyewe, akavuta pumzi. Kisha akanyanyua mkoba kando ya kochi, akatoa fomu, akaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, kama kawaida yake. Fundi alibaki amesimama. Hakuambiwa kaa, hakuambiwa toka.

Mkuu akasoma jina la mwombaji, tarehe ya kuzaliwa, vyeti, miaka ya kazi. Sauti yake ilikuwa inapata nguvu. Akafika ukurasa wa saba.

"Idadi ya wategemezi watakaohama na mwombaji: mmoja. Binti, miaka saba." Akasita. Akaendelea, kwa kuwa hakujua kusoma nusu. "Maelezo kuhusu mwenza: Mwenza hatahama nami. Atarudi nyumbani kibali chake cha sasa kikiisha."

Fundi alisogea akauona mwandiko. Ulikuwa ule ule wa kwenye barua za uchumba wao, wa kulala kulia, hauna neno lililofutwa. Mke wake si mtu wa kusahau. Vidonge vya wagonjwa huvihesabu mara mbili.

"Ulikuwa unajua?" Mkuu akauliza, na sauti yake haikuwa na hasira tena, jambo lililomuuma Fundi kuliko kile kitisho cha Jumatatu.

"Sikujua."

"Marekebisho yanaruhusiwa. Ila awe yeye anayataka, na aje kuweka saini pembeni. Hapa si mbali." Akasukuma simu mezani. "Mpigie. Nitasubiri."

Fundi akapiga. Iliita mara mbili, ikapokewa, akasema yuko kwa Mkuu.

"Amesaini?" mke akauliza, hata halo hakusema.

"Anasoma. Amefika ukurasa wa saba."

Upande wa pili wa simu Kasuku alikuwa anamwimbia mwanasesere wake.

Fundi alikuwa na maneno. Njia nzima alikuwa ameyapanga bila kujua anayapanga: nisamehe, nimekosa, nimekiri kwa Mkuu, nitabadilika, niandike na mimi. Yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini macho yake yalikuwa yanamtazama Mkuu, aliyekaa pale na shati lake lililonyooka hata kwenye ugonjwa, na kilichotoka ni kingine.

"Hapo pa mwenza," akasema, "nani alikwambia uandike hivyo?"

Aliyasikia maneno yake yakiwa yameshatoka. Mkuu naye aliyasikia, akafumba macho.

Mke hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. "Unaona?" akasema, taratibu, kama anayemwonyesha mtoto. "Hata sasa, Baba Kasuku. Hata sasa."

"Mke wangu, sikumaanisha..."

"Nilivuta viti viwili siku ile," mke akasema. "Viwili." Akakata simu.

Fundi aliirudisha simu mezani. Kwa mara ya kwanza tangu aitwe mtegemezi hakuwa na dakika za kuhesabu wala mtu wa kumfikiria vibaya. Alikuwa anaona tu: Kasuku katika shule ya mji asioujua, akirudia maneno ambayo baba yake hatayasikia. Angeweza kusema fomu irudishwe, na kesho saa sita ipite, na warudi kwao wote watatu, mke akiwa wake, binti akiwa wake, kibao mlangoni kikiwa na jina lake. Wazo hilo lilimjia lote, likiwa tamu, na akaona aibu ya utamu wake.

"Amesemaje?" Mkuu akauliza. "Anakuja kurekebisha?"

"Haji."

"Basi nifanyeje?"

"Maliza kusoma, Mkuu. Kisha saini kama ilivyo. Nitaipeleka mimi asubuhi."

Mkuu akafungua ukurasa wa nane. Akasoma kimyakimya safari hii, kidole kikifuata mistari, mpaka wa kumi na moja. Miwani ikamteleza puani, na Fundi, kwa mazoea ya kazi, akainama akaikaza nyuma ya masikio yake.

"Unaona vizuri?" akamuuliza.

"Naona vizuri," Mkuu akasema, akasaini.