Masanduku ya Matayo

Grasiana hakuwa na subira na mtu anayefanya kazi isiyoingiza kitu tumboni. Kwa hiyo shemeji yake Matayo, mdogo wa marehemu mumewe, alipoacha kibanda chake cha matunda Segera akarudi kijijini kwao Mpale, mlimani, kutengeneza nyumba za ndege, alimwona kama mtu aliyepungukiwa akili. Vilikuwa visanduku vya mbao, kila kimoja na tundu la kupitisha vidole viwili. Alivitundika kwenye miparachichi na miti ya kando ya msitu, akisema ndege watataga humo na wageni watapanda mlima kuja kuwatazama.

"Kabla hujaja, hao ndege walikuwa wanalala hotelini?" Grasiana alimuuliza nje ya kanisa, na watu wakacheka mpaka Matayo akaondoka bila kuaga.

Masika yakapita, hakuna ndege aliyetaga. Sisimizi na mijusi ndio waliohamia, na Grasiana akahakikisha habari hiyo inafika sokoni.

Mwezi wa saba ukungu ulishuka ukagoma kuondoka. Kuni zake zote zikalowa. Jioni moja Grasiana aliona heri zile mbao zifae jikoni, akapanda juu ya jiwe na kushika kisanduku cha mparachichi wa nyuma ya nyumba. Ndani kitu kikasogea. Akadhani ni panya, akainua kifuniko.

Walikuwa ndege wadogo wa kahawia wenye vichwa vyeusi, wamebanana, wengine juu ya migongo ya wenzao, wanahema pamoja. Mmoja alifumbua jicho, akamtazama, akalifumba. Joto lao lilimpanda usoni. Grasiana aliwadharau hata hao: wana mbawa, na hawana akili ya kukimbia. Akarudisha kifuniko polepole, akaenda kuomba kuni kwa jirani yake Salome bila kueleza sababu.

Asubuhi Matayo alikuja na ngazi na nyundo. Alimwamkia shikamoo, akasema amechoka kuchekwa. Anavibomoa na kurudi Segera.

"Acha," Grasiana akasema. "Ulianza bila kujua, na sasa unamaliza bila kujua. Ndege wako hawatagi humo, wanajikinga na baridi. Ikiisha, bomoa utakavyo."

Matayo akamuuliza amejuaje. Grasiana alimwambia kile cha mparachichi kimeelekea upepo, akigeuze kama ana macho. Matayo akapanda, akachungulia, akakuta manyoya na kinyesi kibichi. Akacheka peke yake kule juu, na kicheko kile kilimuudhi Grasiana siku nzima.

Segera hakurudi. Jumapili Grasiana aliwaambia wanakwaya wenzake kwamba shemeji yake ni fundi mbovu, hata upepo unakotoka hakujui. Mmoja akasema basi ndiyo maana ndege wamemkataa.

"Nani kasema wamemkataa?" akajibu kwa ukali. "Wamejaa tele. Na wao akili hawana."