Chupa Arobaini za Chanjo

Sostenes, afisa mifugo wa kata, alizima pikipiki uani kwa mama Raheli pale Kinyangiri, akafungua mipira iliyofunga boksi kubwa la barafu.

"Shikamoo mama. Chanjo yako ya kideri hii hapa. Chupa arobaini."

"Marahaba, baba. Chupa?" Raheli alishika kiuno. "Mimi nina kuku arobaini! Chupa moja inanitosha mimi na majirani zangu wote."

Majirani waliangua kicheko, na Agripina, aliyekuwa amesimama kando, alitamani ardhi immeze. Yeye ndiye aliyekitengenezea kikundi cha wafuga kuku msaidizi wa akili mnemba. Mwanachama anatuma ujumbe wa sauti kwa simu yake, msaidizi anausikiliza, kisha anachagua mwenyewe zana ya kutumia: ya kuagiza chanjo, ya kumwita afisa mifugo, au ya kutafuta ushauri. Alipotoka chuoni Dodoma aliwaahidi akina mama kwamba kideri, ugonjwa unaofyeka kuku banda zima, hakitawakuta tena wamelala.

"Mashine yako haina akili," alisema Peniel, katibu wa kikundi. "Izime, turudi kwenye kupigiana simu."

"Nipe wiki moja, kaka Peniel."

"Moja tu."

Nyumbani alifungua kompyuta afuatilie kilichotokea. Hakukuta wazimu wowote. Raheli alitaja arobaini. Zana ilidai namba. Msaidizi akaiandika arobaini. Maelezo ya zana, aliyoyaandika Agripina kwa mkono wake, yalikuwa haya tu: *Huagiza chanjo. Kiasi: weka namba.* Kiasi cha nini? Agripina alijua, kwa kuwa alikulia kati ya kuku. Msaidizi hajawahi kuona kuku wala chupa; alikuwa na maneno yale tu.

Wakati huo Anastazia, wifi yake Raheli, alikuwa amekuja kutembea kutoka Itigi. Kwao wanafuga nyuki, na chanjo ya kuku hajawahi kuishika. Agripina akamfuata na kumsomea yale maelezo.

"Dada, chukulia kazi hii umepewa wewe. Mtu anakwambia kuku wake wameanza kupinda shingo. Utafanya nini?"

"Si nitaagiza chanjo?"

"Hapana! Aliyeshaugua chanjo haimsaidii."

"Sasa hapo umeandika wapi?" Anastazia alishangaa. "Mimi nitajuaje?"

Agripina alicheka hadi machozi, maana hapo ndipo alipoiona njia. Siku zilizofuata aliandika, akamsomea Anastazia, na kila mgeni aliposita, akabadilisha. Safari moja aliandika mengi mno hadi Anastazia akapotea katikati, ikabidi ayapunguze. Mwishowe yakasimama hivi:

*Huagiza chanjo ya kideri kwa kuku wazima tu. Ikiwa hata kuku mmoja anaumwa, usitumie zana hii. Tumia ile ya kumwita afisa mifugo. Idadi ya kuku: andika kuku, si chupa. Mfugaji asiposema hali ya kuku wake, muulize kwanza.*

Anastazia alisikiliza mpaka mwisho. "Hapo sasa hata mimi nafanya kazi," alisema.

Wiki ilikuwa haijaisha kideri kilipoingia, kikibebwa na kuku waliotoka mnadani. Asubuhi ile ujumbe ulimiminika. Agripina alikaa mbele ya kompyuta, Peniel nyuma yake amekunja mikono.

Wa kwanza alikuwa mzee Calist: "Nataka chanjo, kuku wangu sitini."

Msaidizi akajibu: "Shikamoo mzee Calist. Kuku wako wote ni wazima, au kuna anayeumwa?"

"Wawili wamepinda shingo tangu jana."

Msaidizi hakuagiza hata tone. Alimwita Sostenes, akamwambia mzee awatenge wale wawili na asitoe kuku yeyote nje ya boma.

Peniel alikunjua mikono.

Akafuata Jesca, kuku wake wote wazima. Msaidizi akaandika idadi ya kuku, na agizo likatoka la chupa moja. Akafuata mwingine, na mwingine. Peniel alivuta kiti, akaanza kusoma majibu kwa sauti, na kila jibu lilipokaa sawa alipiga meza. "Soma hilo! Ameuliza kwanza!"

Sostenes alipopita kijijini alijua pa kuanzia: maboma ya kuku wazima kwanza, ya wagonjwa mwisho kabisa, asije akabeba ugonjwa kwa viatu vyake. Matone ya chanjo yaliingia machoni mwa kuku kabla kideri hakijawafikia. Mzee Calist alipoteza kadhaa, na jirani yake wachache. Kikaishia hapo. Miaka ya nyuma kideri kilikuwa kikipita, kijiji kinabaki bila jogoo wa kuwika.

Kikundi kilipokutana, Peniel alisimama wa kwanza.

"Nilisema mashine haina akili," alisema. "Kumbe haikuwa imeelezwa. Huyu binti ameieleza, na kuku wetu wako hai. Na leo Sostenes kanipigia: wenzetu wa Issuna wanamtaka Agripina akawaandikie na wao!"

Raheli alipiga kigelegele cha kwanza. Wengine wakakipokea, wakamzunguka Agripina kwa vifijo wakiimba jina lake, Anastazia akamshika mkono na kumwingiza katikati ya ngoma.