Meno Arobaini Mapya

Bibi mmoja asiyejulikana aliingia bandani kwa shangazi bila hodi, akaenda moja kwa moja kwenye mashine kuukuu ya kupura ngano. Mhandisi aliyeishi kwa shangazi yake huyo, aliyehitimu majuzi tu, akavimba kichwa.

"Meno yake yalipotea, likabaki moja. Nimechonga arobaini mapya, sawasawa na hilo."

Bibi akayapapasa. "Mimi niliilisha mashine hii tangu usichana wangu. Jino hilo limelika nusu, mjukuu wangu. Umechonga meno mapya ya kizee, hayatagusa hata suke."

Mhandisi alitamani ardhi ipasuke immeze. Miezi minne alikuwa ameiga uchakavu kwa usahihi wa hali ya juu.

"Nami Jumamosi nahamia mbali kwa binti yangu. Nilitaka kuisikia ikipura."

"Utaisikia," akaropoka.

Chuma kigumu alichobaki nacho kilikuwa kitanda chake. Akakikatakata, akachonga meno mengine, marefu zaidi.

Shangazi akachungulia. "Chuoni walikufundisha kulala chini?"

"Hapana, shangazi. Hilo najifunzia hapa."

Jumamosi asubuhi mashine ilinguruma, punje zikamwagika. Bibi alisikiliza mpaka gari lake likapiga honi mara ya tatu. Mhandisi, mgongo ukiwa umemkakamaa kwa kulala sakafuni, akailisha mashine mganda mwingine wa ngano.