Kofia Juu ya Glasi

Aliinyanyua glasi ya kwanza, akaipitisha mbele ya pua kwa heshima ya mazoea tu, kisha, alipohakikisha pazia la kibanda chake limefungwa vizuri, akaiweka sikioni.

Povu lilikuwa likifa polepole, kama mvua ya mwisho juu ya bati la mbali. Akachukua ya pili. Nayo vilevile. Ya tatu ilikuwa na haraka kidogo, au pengine ni sikio lililotaka iwe na haraka, maana sikio nalo likipewa kazi isiyo yake huanza kubuni. Mzee Ulimi akachukua kalamu, akaizungushia duara namba ya glasi ya tatu, 418, akaweka mikono magotini kama mtu anayesubiri gari ambalo hana hakika kama linapita njia hiyo.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Kila mwonjaji anapewa glasi tatu za buluu nzito, ili asiione rangi ya bia. Mbili zina bia moja, ya tatu ina nyingine. Wewe umtaje mgeni. Huruhusiwi kuongea na mwenzako, wala kujipaka manukato, wala kula kitunguu asubuhi. Katika kiwanda kizima cha bia, chenye wafanyakazi mia nne, watu sita tu waliajiriwa kunywa, na wale wengine hawakuacha kuwakumbusha.

Kati ya hao sita, yeye ndiye mkongwe. Miaka ishirini na sita. Jina alilopewa na mama yake lilibaki kwenye kitambulisho. Tangu mlinzi wa getini hadi mkurugenzi walimwita Ulimi, na umri uliposogea wakamtilia Mzee juu yake, kama kizibo.

Kiwanda kilikuwa kimemtuma huku na huko. Alikunywa bia nyeusi tii katika nchi ya mvua, ambako wenyeji walimkaribisha kwa kumlalamikia hali ya hewa. Alikunywa ya vuguvugu kutoka pipa la mbao, iliyomiminwa taratibu kana kwamba mwenye nyumba anamlaza mtoto. Alikunywa bia kali iliyolazwa na matunda kwa miaka miwili, ikamkunja uso hadi meza ya pili wakampigia makofi. Mahali fulani penye joto walimtilia barafu ndani ya glasi. Yeye, fundi, akaona hiyo ni dhambi, akanywa, akaomba nyingine. Kila aliporudi aliulizwa, na ya nyumbani je? Naye alijibu kwamba ya nyumbani haina makuu, ni bia ya mtu aliyetoka kazini. Kinywani mwake hiyo ilikuwa sifa.

Sasa safari zote hizo alikuwa nazo kama mtu mwenye funguo za nyumba zilizobomolewa.

Miezi minne iliyopita alipata homa. Homa ya kawaida, siku tano, ile ambayo kazini unaieleza kwa maneno mawili. Ikaondoka, ikabeba na vyombo vya ndani. Siku ya sita alikula yai, akahisi anatafuna sponji. Akasema kesho. Kesho ikaja mikono mitupu. Ajabu ni kwamba hakuhuzunika. Aliisubiri huzuni kama unavyomsubiri mgeni aliyepiga simu kusema yuko njiani, nayo haikutokea. Hakuna kilichouma. Ni kama kuulalia mkono: unauona ni wako, unaushika kwa ule mwingine, unauweka pembeni.

Mkewe alikuwa wa kwanza kung'amua. Mama huyo hajaonja bia maishani mwake. Alisema nyumba moja inatosheka na ulimi mmoja. Lakini naye alikuwa na maabara yake. Asubuhi ya leo alimpa chai, akaketi mbele yake, mkono shavuni, akamwangalia mpaka kikombe kikafika nusu.

"Chai ikoje, baba?"

"Nzuri. Ahsante, mama."

"Sukari imetosha?"

"Imetosha."

"Ni chumvi," mkewe akasema. "Vijiko vitatu. Jana vilikuwa viwili."

Akakitazama kikombe. Akanywa tena, ili kuthibitisha. Ilikuwa ya moto, basi.

"Wewe mwanamke utaniua kwa presha."

"Presha itapanda wapi, na mtu mwenyewe umezima? Juzi nimeunguza wali, ukasema umeiva vizuri. Miaka yote unanisahihishia mboga, leo kila kitu kizuri. Mimi sikuolewa na bwana wa kila kitu kizuri." Akakichukua kikombe, akamwaga kilichobaki. "Waambie leo. Usipowaambia nitakuja mwenyewe pale getini na chupa ya chai."

"Wakijua, kile kiti kimekwenda."

"Kwani sasa hivi amekikalia nani?"

Akavaa kofia. Alijua vizuri: mwonjaji asiye na pua ni mtu anayelewa kazini, na mtu wa namna hiyo ana mlango mmoja tu wa kutokea. Miezi minne alikuwa ameusukumia mbali mlango huo kwa sikio, kwa kubahatisha na kwa kutikisa kichwa wenzake walipotikisa.

Na leo haikuwa siku ya kubahatisha. Kulikuwa na bia ya ng'ambo yenye sifa kubwa, ya chupa ya kijani, ambayo kiwanda kilikuwa kimekubaliwa kuipika hapahapa nyumbani. Mpishi Mkuu, mama mmoja mkemia aliyezoea kuchomeka penseli kwenye nywele na kisha kuitafuta, alikuwa ameipika mara tatu. Glasi mbili leo zilikuwa zake. Moja ilitoka ng'ambo. Waonjaji wakishindwa kuzitofautisha, mitambo inaanza.

Kengele ikalia. Mapazia yakafunguliwa, wote sita wakatoka na fomu na glasi zao hadi kwenye meza ndefu.

"Mgeni alikuwa 275," Mpishi Mkuu akasema. "Nani kampata?"

Mikono mitano ikapanda. Wa sita ukafuata, umechelewa kidogo, kama mtu anayeitikia dua ya jirani.

Mpishi Mkuu akashusha pumzi. "Wote. Haya, nimekosea wapi tena?"

"Hujakosea, mama, ila yetu ina pengo," alisema Kipara, mwonjaji ambaye nywele zilimkimbia kabla ya ndoa. "Ile ya kwao ukifungua tu kuna ule ukali. Ile harufu ya ng'ambo."

"Ng'ambo inanukaje?"

"Inanuka hivyohivyo. Ukiinusa unajiona umevaa suti."

Wakacheka. Mpishi Mkuu hakucheka. "Nimebadilisha hopsi, yale maua ya kutia uchungu, mara mbili. Nimebadilisha hamira. Mwezi wa tatu huu." Akageuka. "Mzee Ulimi, sisi wote bia hii tumeijulia dukani. Wewe peke yako ndiye uliyeinywa kwao, ikitoka kwenye tangi. Tunakosa nini?"

Mzee Ulimi akaivuta glasi ya mgeni, akaingiza pua. Ukuta mweupe. Akaingiza zaidi, povu likamgusa puani, baridi, likiwa halina habari yoyote ya kumpa. Pale pale alipaswa kuogopa. Akainua macho tu, kwa kukosa pa kuyaweka.

Dirishani kulikuwa na safu ya chupa za kijani, kumi hivi, zimepangwa kama watoto wa shule wanaopigwa picha. Jua lilipita ndani yake na kuchora madoa ya kijani sakafuni.

Kilichomjia hakikuwa ladha. Kilikuwa kofia. Mzee mmoja wa kiwanda kile cha ng'ambo, mchana wa kiangazi, alikuwa amekinga bia kwenye tangi huko chini, na ili kufika ofisini ilibidi wavuke ua, hatua ishirini tu. Yule mzee, aliyekuwa na upara wa kuogopa jua kuliko wa Kipara, alivua kofia yake akaifunika glasi. Akavuka ua hivyo, kichwa wazi.

"Zile chupa zimekaa pale tangu lini?" Mzee Ulimi akauliza.

"Tangu Jumatatu, mzee," akajibu Dada wa Glasi, yule aliyemimina, kuosha na kukusanya fomu. "Nilizipanga mimi. Zilinipendeza."

"Na ya leo umeimimina kutoka hizo?"

"Ndiyo."

"Na dukani huwa zinakaa wapi?"

"Dirishani," Kipara akasema. "Si ndiyo fahari yake."

"Basi mnachokosa ni jua." Sauti yake ilitoka bapa, kama ya mtu anayesoma tangazo. "Chupa ya kijani haizuii mwanga, na mwanga ukiipata bia unaitia uvundo wa kicheche. Kwao wangeimwaga. Ipo katoni chini ya meza, haijafunguliwa. Ilinganisheni hiyo na yetu."

Katoni ikapasuliwa. Glasi zikaoshwa, zikajazwa, zikapewa namba mpya. Safari hii watano wakaonja, wakarudia, wakatazamana. Hakuna aliyempata mgeni.

"Kwa hiyo miaka yote hii," Kipara akasema polepole, "mimi najidai mjini na jua. Na jua lenyewe tunalo hapa mpaka linatuchubua."

"Wanywaji sasa," akasema mwingine. "Ukiwapa isiyonuka watasema ni ya bandia."

"Waiweke dirishani," Kipara akajibu. "Itasafiri yenyewe."

Mpishi Mkuu akachomoa penseli kichwani, akaitazama, akairudisha. "Hiyo ndiyo pua," alisema. "Mitambo yote ile, mashine zote zile, na jibu lilikuwa kwenye pua ya mzee mmoja. Mwezi ujao utakwenda kwao, Mzee Ulimi. Uonje ya kwao na yetu palepale kwenye tangi, utie sahihi kwamba ni moja. Neno lako tu linatosha."

Wakampongeza. Mikono ikampiga mabegani. Alizisikia sifa kama unavyosikia watu wakiongea chumba cha pili: unajua wanafurahi, hujui wanamsema nani.

Dada wa Glasi alikuwa akikusanya fomu za asubuhi. Alipofika kwake akasimama. Duara lilikuwa kwenye 418, jeusi, halina shaka. Akaliangalia, akamwangalia na mwenyewe. Kisha akahama hatua moja, mgongo wake ukawakinga wale wengine.

"Mzee," akasema chini kwa chini, "macho yangu haya. Si ulikuwa unataka kuzungushia 275, kalamu ikateleza?" Akamnyooshea kalamu.

Akaipokea. Huo nao ulikuwa mlango, umefunguliwa kwa adabu, hauhitaji hata kugongwa. Nyuma yake kulikuwa na kiti, safari, tangi la ng'ambo, na yeye akiwa ameweka sikio kwenye glasi mbele ya watu wenye kofia.

"Kalamu haikuteleza, dada."

Chini ya fomu palikuwa na mistari mitatu iliyoandikwa *Maoni*. Akaandika: *Tangu nipone homa sisikii harufu wala ladha. Nilibahatisha. La chupa nililijua kwa kumbukumbu.* Akakagua herufi. Alitarajia moyo upige, lakini moyo uliendelea kama mashine ya idara nyingine. Akainuka, akaipeleka fomu mwenyewe.

Mpishi Mkuu akaisoma. Akaisoma tena, akamvuta pembeni, karibu na zile chupa.

"Miezi minne?"

"Minne."

"Ile bia ya mwezi uliopita uliyosema ipite. Uliijuaje?"

"Niliisikiliza."

"Uliisikiliza."

"Povu lilikuwa zuri."

Kona ya mdomo wake ikacheza, ikatulia. "Ilikuwa nzuri kweli," akasema. "Na mke wako anajua?"

"Ananipa chai ya chumvi."

Mama yule akaikunja fomu mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti lake jeupe. "Ng'ambo huendi. Kibandani pia huingii tena. Jumatatu njoo. Sijui utakaa wapi, lakini njoo."

Alifika nyumbani mapema, na chupa moja ya kijani aliyoitoa kwenye katoni kwa ruhusa, ameizungushia gazeti. Mkewe alikuwa kwenye ngazi ya mlango, anakunja nguo zilizokauka.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Nije Jumatatu. Hawajui nitakaa wapi."

"Basi hawajakutupa. Wanakutafutia kona." Akasogeza nguo, akampa nafasi. "Na hicho ulichokivisha gazeti?"

Akaingia ndani, akarudi na glasi, akafungua, akamimina. Hakuinusa. Akampa mkewe.

"Mimi sinywi, unajua."

"Usinywe. Ninusie."

Mkewe akaitazama glasi kama unavyomtazama mtoto wa watu. Akaisogeza puani, akaitoa, akairudisha.

"Mkate," akasema.

"Mkate gani?"

"Mkate tu. Ngoja, usiniharakishe." Akafumba macho. "Mkate wa jana, ukiupasha. Na majani yaliyofyekwa asubuhi, kabla hayajanyauka. Halafu kuna kitu kama ganda la limau ukilikwaruza kwa kucha. Kimepita. Ndiyo yenyewe?"

Alikuwa akisikiliza kama mtu anayetajiwa nyumba aliyowahi kupanga zamani. "Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu la kuonjea mwaka ule niliokwenda kwao," akasema.

"Mwaka ule ulijisikiaje?"

Akafikiri. "Nilifurahi. Nimeandika hivyo pia."

Mkewe akaiweka glasi kati yao, akaendelea kukunja nguo. Jua la alasiri lilikuwa limezunguka nyumba. Likagusa ngazi ya chini, likapanda ya pili, likaanza kuikaribia glasi. Mzee Ulimi akavua kofia, akaifunika.

"Ndiyo nini sasa?"

"Jua."

Mkewe akakitazama kile kichwa wazi, akatoa kitambaa kwenye zile nguo safi, akamtandikia utosini. Wakakaa hivyo. Chini ya kofia povu lilikuwa likisema maneno yake madogo. Safari hii hakulitegea sikio.